Kijiti changu, ruhusa ya nani? Maswali ya wanawake wa Pemba kuhusu uzazi wa mpango na haki yao

Mwanamke wa Pemba haulizi swali lake akiwa amekaa kitini. Anapimwa presha, anapokea vidonge vyake vya damu, anaaga, anafika mlangoni, mtandio keshauweka sawa, ndipo anageuka: "Ah, bibi, kuna jambo nilitaka kukuuliza." Maswali yaliyomo humu karibu yote nimeyapokea hivyo, katika miaka yangu ya kazi kwenye chumba cha mama na mtoto. Mengine ni ya dawa, mengine ni ya sheria, na muulizaji kwake yote ni mamoja: anataka kujua kama anaruhusiwa.

Mume wangu hataki kusikia habari za uzazi wa mpango. Nikija peke yangu mtanipa, au lazima nije na idhini yake?

Unapewa. Mtu mzima mwenye akili zake, akishapimwa na kuelezwa faida na madhara, idhini inayotakiwa ni yake mwenyewe.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Itifaki ya Maputo, ambao ni mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ilipitishwa 2003 na Tanzania ikairidhia 2007. Kifungu chake cha 14 kinasema mwanamke ana haki ya kuamua kama atazaa, azae wangapi, awapishanishe vipi, na achague njia yoyote ya kuzuia mimba. Upo pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985. Kamati inayousimamia ilieleza mwaka 1999 kwamba mwanamke asizuiwe huduma ya afya kwa kuwa hana ruhusa ya mume au wazazi, wala kwa kuwa hajaolewa. Kamati hiyohiyo mwaka 1994 ilikuwa imeshasema kwamba ni bora mke na mume washauriane, ila mume asiwe na uwezo wa kuzuia.

Nami nasema hivyohivyo. Kama anakuja, njoo naye. Nimeona wanaume walioingia wamenuna wakatoka wameridhika, kwa sababu siku zote hakuna aliyekaa nao akawaeleza hata kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kina nini ndani yake. Lakini asipokuja, usirudi nyumbani mikono mitupu.

Nitakwambia kwa nini nalishikilia jambo hili. Mwanamke mmoja alikwenda kwenye kituo fulani kutaka sindano akaambiwa arudi na barua ya mumewe. Mumewe mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na mtu akienda dago hajulikani atarudi lini. Alipofika kwangu kitinda mimba wake alikuwa mgongoni, hata kusimama dede bado, na kanga ya mbele imeshaanza kuinuliwa na tumbo. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu kama ile barua bado inatakiwa.

Ukiambiwa maneno kama hayo, uliza kwa upole: ni mwongozo gani unaosema hivyo, naomba kuuona. Mwone mkuu wa kituo. Ikishindikana, nenda kituo kingine siku hiyohiyo, maana mimba haisubiri malalamiko yajibiwe, kisha mfuate msaidizi wa sheria katika shehia yako. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina tawi hapa Pemba, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nayo husaidia wanawake.

Na siri yangu je? Wewe si unamjua mama mkwe wangu?

Namjua, na tunakutana sokoni. Hili ndilo linalowakimbiza wanawake kuliko bei, kwa sababu bei hakuna: kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure. Muuguzi wa kijijini ni mtoto wa mtaa huohuo, ana shoga zake, ana mawifi zake. Basi ajue kwamba habari ya mgonjwa si yake ya kutoa, si kwa mume, si kwa sheha, si kwa mkwe aliyekuja kuulizia "kwa nia njema". Muuguzi anayetoa siri ya chumba anavunja miiko ya kazi, na anashitakika kwa wakubwa wake.

Kwa upande wako, yapo ya kufikiria. Kadi si lazima uende nayo nyumbani, omba ibaki kituoni. Sindano ya miezi mitatu haiachi alama. Kijiti hakionekani kwa macho ila kikishikwa kinapapasika. Na njia hizi zote mbili hubadilisha hedhi: wengine hutokwa na matone siku nyingi, wengine hawaoni kabisa. Mume anayehesabu siku atauliza, kwa hiyo uwe na jibu lako kabla hujadungwa.

Kufichana ndani ya ndoa kunaniumiza, sisemi uongo. Kunaniumiza zaidi kumpokea mama wa watoto saba hana damu mwilini na wa nane yumo njiani.

Mimi nalima mwani. Kijiti na maji ya chumvi vinapatana?

Vinapatana. Kijiti kinaingizwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, ule mkono usioutumia sana. Unatiwa ganzi, kinapita, hakuna kushonwa. Kidonda kikishafunga, bahari haikifanyi kitu. Shida ni siku za mwanzo: bendeji isilowe, na usivute kamba nzito wala kubeba kiroba cha mwani kwa mkono huo. Hesabu siku tano.

Nimejifunza kwa wanawake wenyewe. Nilikuwa nawapangia tarehe za kalenda ya ukutani na hawaji. Mmoja ndiye aliyenifungua macho: "Bibi, hiyo uliyonipa ni bamvu." Wakati wa bamvu maji yanatoka sana na yeye yuko pwani tangu asubuhi. Tangu hapo nawaambia njooni maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana, muweze kupumzisha mkono mpaka maji yatoke tena. Kijiti cha uzi mmoja kinakaa miaka mitatu, cha nyuzi mbili miaka mitano.

Si haramu?

Mimi ni mkunga, si mwanachuoni, na fatwa utaichukua kwa unayemwamini. Ninachoweza kukukumbusha ni kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje. Jabir bin Abdillah amepokewa katika Bukhari na Muslim akisema walikuwa wakiifanya huku Qur'an ikiteremka. Na Suratul Baqara aya ya 233 inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Masheikhe wengi hutofautisha kupanga kwa muda na kufunga kizazi moja kwa moja, kwa hiyo ukiuliza, taja unauliza kuhusu kipi.

Kile kidonge cha dharura, si ndiyo kutoa mimba? Sitakamatwa?

Hapana. Kutoa mimba ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya 2018, isipokuwa pale maisha ya mama yanapookolewa. Kidonge cha dharura hakitoi mimba. Kinachelewesha yai lisitoke, na kama mimba imeshashika hakiigusi. Kimeze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kitanzi cha shaba kikiwekwa kwenye mfuko wa uzazi ndani ya siku tano kinazuia vizuri zaidi.

Aliyebakwa asioge, asifue, aende kituo cha Mkono kwa Mkono kilichomo hospitali. Hapo atapata kidonge hicho na dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, nayo pia ni ndani ya saa 72.

Mwanangu hajaolewa. Akija peke yake mtamfukuza?

Mzazi, nakuelewa unachokiogopa. Hapa kwetu, chini ya sheria ya 1985, mwari aliyepata mimba nje ya ndoa alikuwa anaweza kufungwa jela. Kifungo hicho kiliondolewa na sheria mpya ya 2005. Fikiria ilivyokuwa: msichana hana pa kuuliza kabla, na baada yake anangojwa na hakimu. Leo akija mtu mzima, ameolewa au hajaolewa, tunamsikiliza. Akija aliye chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2011 huyo ni mtoto, na jambo langu la kwanza ni kujua kama kuna anayemdhulumu. Simfukuzi. Nikimfukuza, atakayemfundisha ni huyohuyo anayemdhulumu.

Nimetoka arubaini, mama ananiambia ninyonyeshe tu, inatosha.

Inatosha kwa masharti matatu, na yote yawepo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita; hapewi uji wala maji bali ananyonya tu usiku na mchana; na damu ya mwezi haijarudi. Moja likivunjika, njoo. Usingoje hedhi irudi ndipo ujue, kwa kuwa yai hutangulia hedhi.

Nasikia Marekani wanagombania haki ya dawa hizi mahakamani na bungeni. Sisi yanatuhusu nini?

Kwanza jambo lenyewe. Jimbo la Connecticut lilikuwa na sheria ya 1879 iliyofanya kutumia kitu cha kuzuia mimba kuwa kosa, hata kwa mke na mume. Mwaka 1961 Estelle Griswold na daktari C. Lee Buxton walifungua kliniki mjini New Haven, wakakamatwa, wakatozwa faini ya dola 100 kila mmoja. Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa, na tarehe 7 Juni 1965 majaji saba dhidi ya wawili wakasema serikali haina ruhusa ya kuingia chumbani kwa wanandoa. Mwaka 1972 haki hiyo ikapanuliwa kwa wasiooana. Ikakaa hivyo nusu karne. Kisha Juni 2022 mahakama hiyo ilipofuta haki ya kutoa mimba, jaji mmoja, Clarence Thomas, akaandika kwamba hukumu ya 1965 nayo itazamwe upya. Wabunge wakashituka. Julai 2022 Baraza la Wawakilishi la huko lilipitisha muswada wa kuilinda haki hiyo kwa sheria, lakini haukuwa sheria, na Juni 2024 muswada mwingine kama huo ulipata kura 51 kwenye Seneti wakati zilihitajika 60 ili usonge mbele. Ukakwama.

Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa zenyewe. Misaada ya Marekani iliposimamishwa 2025, shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 9.7 ilikwama maghalani Ubelgiji, na sehemu yake ilikuwa ije Tanzania. Haki ya kuchagua njia yoyote haina maana kwa mwanamke aliyepanda gari mbili kutoka Micheweni akakuta kabatini kuna kondomu tu.

Ya pili ni somo la kuandika. Katiba yetu haiutaji uzazi wa mpango kwa jina. Mikataba niliyoitaja juu imeridhiwa na Jamhuri ya Muungano, lakini kwa utaratibu wetu mkataba haushiki mahakamani kama sheria mpaka uingizwe katika sheria za nchi, na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, hapa kazi hiyo ni ya Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Huduma inayosimama juu ya sera na mazoea hutikisika kwa tamko. Tuliona Bara, Septemba 2018, wizara ilipoagiza matangazo ya uzazi wa mpango ya redio na televisheni yasimamishwe. Ningependa mwakilishi wa jimbo langu aulizwe hili kwenye mkutano wa hadhara, na aulizwe na wanawake.

Kijiti changu bado mwaka mmoja na nusu, lakini nataka mtoto. Nitakubaliwa kukitoa?

Leo hii ukitaka. Wapo wanaoambiwa "kimalize muda wake", na hilo ni kosa sawasawa na kumnyima anayekitaka. Huna haja ya kunipa sababu. Utalala pale, nitakitafuta kwa kidole, nitie ganzi, nikate kidogo na kukivuta, na kama kilikaa vizuri hata robo saa hatufiki. Aliyekuwa kwenye sindano huchukua miezi mingi mwili kurudi, wastani wa miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Wewe wa kijiti unaweza kushika mimba mwezi huohuo, basi anza na vidonge vya foliki kabla hujaondoka, vimo kwenye kabati hilo nyuma yako.