Kujitangaza kuwa na usonji: maana yake, na kwa nini wasikilizaji hubisha

Mtu mzima anasimama mbele ya watu na kusema ana usonji. Kabla hajaketi ameshajibiwa: "Aa wapi! Wewe mbona huko hivyo?" Anayejibu anadhani amemsifu. Aliyesimama amesikia kingine, kwamba ama anadanganya, ama hajijui.

Kitendo hicho cha kusimama na kusema ndicho kujitangaza. Neno lenyewe tulilizoea kwenye habari za Ukimwi, na huko kuna kisa cha kukumbukwa. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hadharani kuwa ana Ukimwi. Wapo waliosema anatafuta fedha na umaarufu. Akafariki Desemba ya mwaka uleule. Usonji si ugonjwa, hauambukizi wala hauui, kwa hiyo mfano huu usivutwe mbali. Nauleta kwa sababu moja tu: jambo lisiloonekana usoni likisemwa na mwenyewe, hadhira hudai lionekane kwanza ndipo iamini.

Sasa, usonji ni nini? Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni kabisa, hata mtu akawa anapokea watu, maneno, sauti na mabadiliko tofauti na wengi wanaomzunguka. Wataalamu hutazama mambo mawili. La kwanza ni ugumu katika mawasiliano ya kila siku na watu. La pili ni kung'ang'ania utaratibu uleule, kurudia vitendo, kuzama katika jambo moja, na hisi zinazopokea kupita kiasi au chini ya kiasi: honi za daladala, harufu ya dagaa, lebo ya shati inayokwaruza shingo mpaka mtu anashindwa kufikiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji.

Wengine husema tawahudi, neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi uleule wa "wahidi", moja. Jina la Kizungu, ambalo baadhi yetu hulitamka otizimu, lilibuniwa na daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Majina yote mawili yanasimulia mtu aliyebaki peke yake. Yalitungwa na watazamaji. Aliyetazamwa hakuulizwa.

Na watazamaji wa Ulaya waliona ya kwao. Vitabu vyao vinasisitiza sana mtoto kutotazama watu machoni. Kwetu mtoto asiyemkodolea macho mkubwa anasifiwa ana adabu. Lakini salamu! Shikamoo, marahaba, habari za tangu juzi, za nyumbani, watoto hawajambo? Mwenye usonji anaweza kushindwa kuelewa kwa nini anaulizwa maswali matano ambayo majibu yake yanajulikana, au akajibu kweli tupu: nyumbani si kuzuri, tumbo linamsokota tangu jana na mama kagombana na jirani. Anapita penye watu wanaokula, anaambiwa "karibu", ananawa mikono na kuketi. Watu wanatazamana. Yeye amefanya kosa gani, si kaitwa? Anayeyachukua maneno kama yalivyo ana kazi kubwa katika lugha inayojivunia mafumbo, ambamo kanga ya jirani inayoanikwa kwenye kamba inaweza kuwa tusi.

Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno. Mmoja hatasema neno maisha yake yote na atahitaji kulishwa na kuvishwa. Mwingine anafundisha chuo kikuu. Mpaka mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliwagawa katika majina mbalimbali, likiwemo la Asperger, walilopewa wenye usonji wasiochelewa kusema, kisha ukawaweka wote chini ya jina moja. Uamuzi huo una faida zake, ila ndio pia uliopandisha joto katika ugomvi huu wa nani ana haki ya kusema.

Kwa muda mrefu waliousemea usonji walikuwa wengine. Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11. Baadaye Bruno Bettelheim, mkuu wa shule ya watoto huko Chicago, akaeneza dai kwamba watoto hawa wamejifungia kwa sababu ya ubaridi wa mama zao, dai lililowatesa kina mama wasio na kosa lolote. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, akaja na dai la kuhusisha chanjo na usonji katika jarida la kitabibu la Lancet; mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo, naye akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza, lakini uvumi wenyewe bado unazunguka kwenye simu zetu. Miaka yote hiyo wenye usonji walikuwepo, wanakua, wanazeeka. Ni kama kesi inayoendeshwa huku mwenye shauri yuko barazani, nje, anasubiri kuitwa.

Mwaka 1986 Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani ambaye utotoni alichelewa sana kusema, alitoa kitabu kuhusu maisha yake. Wakati huo alitambulishwa kama mtu aliyepona usonji. Tazama ujanja wa jambo hilo: aliweza kuandika, basi lazima awe amepona, na kama amepona, anayosema ni kumbukumbu tu, si ushahidi wa mwenye hali. Yeye mwenyewe baadaye akasema wazi kwamba usonji ni sehemu ya alivyo. Mwaka 1993 Jim Sinclair, naye mwenye usonji, aliwaambia wazazi waache kuwaombolezea watoto walio hai. Maneno hayo yaliwauma baadhi ya wazazi, na naelewa kwa nini. Mzazi ambaye hajalala wiki nzima hapendi kuambiwa namna ya kuhuzunika.

Hapa ndipo penye mtego, na kwa maoni yangu ndio moyo wa dhana nzima. Mwenye usonji akisema vizuri, anaambiwa: wewe ni mzima, huwezi kuwasemea wale walio hoi. Asiposema, anaambiwa: huyu hajui kitu, acha tumsemee. Akitumia ubao wa picha au simu kuandika, anaulizwa kama kweli ni maneno yake. Hakuna kiwango cha usemi kinachomfaa. Na usemi wa jukwaani haupimi maisha ya mtu. Mtu anaweza kuhutubia nusu saa bila kigugumizi, akarudi nyumbani akakaa gizani siku mbili, hawezi kupika wala kupokea simu. Hadhira imeiona ile nusu saa.

Dhana potofu nyingine zina sura ya upole. Filamu ya Rain Man ya mwaka 1988 iliwafanya wengi waamini kwamba mwenye usonji ni kikokotoo kinachotembea. Mtu aliyempa mwandishi wazo la mhusika yule, Kim Peek wa jimbo la Utah, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu kweli, lakini hakuwa na usonji. Ubongo wake ulikosa kiungo kinachounganisha nusu mbili. Kwa hiyo picha iliyobandikwa kwa wenye usonji wa dunia nzima ilitoka kwa mtu asiye na usonji! Siku hizi kuna habari ya "kipaji". Mwaka 2019 Greta Thunberg wa Sweden, mwanaharakati wa tabianchi mwenye usonji, aliyekuwa akishambuliwa kwa hali yake, alijibu kwamba kuwa tofauti kunaweza kuwa nguvu ya pekee, mazingira yakiruhusu. Watu walibeba la nguvu wakaacha la mazingira. Tangu hapo kila anayejitangaza huulizwa kipaji chake ni kipi, kana kwamba lazima alipe kiingilio.

Dhana nyingine kongwe ni ile kwamba wenye usonji hawana hisia za wenzao. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliigeuza hoja hiyo. Alisema kutoelewana kuna pande mbili: mwenye usonji hamsomi asiye nao, na asiye nao hamsomi mwenye usonji, ila mmoja tu ndiye anayeandikiwa cheti. Mwaka 2020 mtafiti Catherine Crompton na wenzake walilipima jambo hili kwa mchezo ambao watoto wote wanaujua, wa kupashana habari mmoja baada ya mwingine. Walipanga minyororo ya watu wanane wanane: mingine ya wenye usonji watupu, mingine ya wasio nao, mingine ya mchanganyiko. Wenye usonji kwa wenye usonji walifikishiana habari vizuri sawa na wale wengine. Iliyovuja sana ilikuwa minyororo ya mchanganyiko.

Ndiyo maana wengi hujifunza kujificha. Anakariri salamu, anahesabu sekunde za kumtazama mtu, anacheka wengine wanapocheka, anaibana mikono isipepee. Wasichana huwa hodari zaidi kwa hili, na ni sababu mojawapo ya wao kutambuliwa wakiwa watu wazima au kutotambuliwa kabisa. Utafiti umekuhusisha kujificha huko na uchovu mkubwa, wasiwasi, sonona, hata mawazo ya kujiua. Sasa mtu aliyejificha miaka thelathini akiamua kuacha, ushahidi unaotolewa dhidi yake ni kwamba alijificha vizuri.

Kwetu kujitangaza kuna bei ya ziada, maana mtu si wa peke yake. Ukisema "mimi nina usonji" umewasemea na ndugu zako. Shangazi atauliza kama ni lazima jambo hili litoke kabla posa ya mdogo wako haijajibiwa. Mwingine atasema ni jini, atafutwe shehe wa kusoma, au mchungaji wa kukemea. Mwingine atasema ni mtu kafanya, na jirani ataanza kutazamwa. Kuna wanaochanganya usonji na mtindio wa ubongo, na kuna lile tusi, zezeta, ambalo watu wazima hulitamka mbele ya mtoto wakidhani hasikii. Anasikia. Mwajiri naye anaweza kukuhurumia mpaka akakunyima kazi ngumu, na pamoja nayo cheo.

Tena huduma zetu, pale zilipo, zimeelekezwa kwa watoto, kama kile kitengo cha usonji katika shule ya msingi ya City Primary jijini Nairobi. Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa usonji tangu 2008, mabango yetu huwa na nyuso za watoto. Mtu wa miaka arobaini akisema ana usonji, wengine wanashangaa kama aliyesema bado ananyonya. Hao watoto wa mabango huwa wanakwenda wapi wakikua?

Lipo pia jambo linaloitwa kujitangaza ambalo si lenyewe. Mzazi anayeweka video ya mwanawe akilia sakafuni sokoni, amezidiwa na kelele, anasema anaelimisha jamii. Huko ni kumtangaza mwingine. Mzazi ana haki ya kusimulia uchovu wake. Ile sura ya mtoto ni ya mtoto.

Na kujitangaza si lazima kuwe kwa spika. Wengi huchagua: mke anajua, meneja anajua, kijiwe hakijui. Mwingine hataji jina kabisa, anasema tu, "Naomba tuongee nje, humu kelele zinanichanganya." Anapata anachokihitaji bila kufungua mjadala wa maisha yake.

Yule mtoto wa kwanza kati ya 11 wa Kanner alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu alipelekwa kwenye taasisi ya kulelewa mbali na nyumbani. Wazazi wake wakamrudisha baada ya mwaka hivi. Alisoma mpaka chuo, akafanya kazi katika benki ambayo familia yake ilikuwa na hisa, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Pesa za nyumbani zilimsaidia, hilo lisifichwe. Waandishi wa habari walipokuja kumtafuta uzeeni, wenyeji wa Forest hawakuonyesha kushangaa kuambiwa habari za usonji wake. Waliwaonya wageni kwamba wakimuumiza Don, watafuatwa mpaka walikotoka.