Swali la mbunge si sheria

Umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp ule ujumbe unaoanza na "Bunge limepitisha, kuanzia kesho", ukiambatana na kipande cha video cha mbunge aliyesimama akizungumza. Ujumbe wa namna hii unapotosha.

Asubuhi kikao kinapoanza Dodoma, hufuata kipindi cha maswali: mbunge huuliza, waziri au naibu wake husoma jibu, kisha husikika ile kauli tuliyoizoea, "naomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza". Waziri akijibu kwamba Serikali italifanyia kazi jambo hilo, hakuna kilichopitishwa. Hata mchango mkali unaopigiwa makofi na meza kugongwa hubaki kuwa maoni ya aliyeutoa.

Sheria hutokana na muswada, ambao husomwa mara ya kwanza, huchambuliwa na kamati, hujadiliwa unaposomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu, kisha husomwa mara ya tatu. Hata hapo, kwa mujibu wa ibara ya 97 ya Katiba, Rais lazima aukubali ndipo uwe sheria. Naamini hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa wengi husikia "waliosema ndiyo wameshinda" wakadhani mambo yamekwisha.

Anayetaka kuhakiki asome Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku hiyo au atafute sheria yenyewe katika Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo, tafadhali usiusambaze ujumbe huo.