Je, Wajua kwa Nini Macho Huchoka Chini ya Taa Inayoonekana Tulivu?

Mfanyakazi wa ofisini anayelalamika kila alasiri kwamba kichwa kinamgonga na macho yanamwasha aghalabu huambiwa akapime macho au apunguze muda wa kutazama kompyuta. Ushauri huo una maana, lakini huisahau taa iliyo darini, ambayo huenda inang'aa na kufifia mara 100 kila sekunde bila yeyote chumbani kuiona.

Umeme wa gridi nchini Tanzania na Kenya hugeuza mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kuwa katika kila mzunguko mkondo hufika sifuri mara mbili, nguvu inayoiwasha taa hushuka na kupanda mara 100 kila sekunde. Balbu ya zamani haikuyumba sana, kwa sababu waya wake ukishapata moto haupoi upesi. Tyubu inayotumia choki (kifaa kinachodhibiti mkondo) na stata (kifaa cha kuiwasha), kinyume chake, huufuata mkondo kwa karibu, mwanga wake ukipanda na kushuka.

Ubongo huiunganisha mimweko ya kasi hiyo ikawa mwanga mmoja, ndiyo maana hatuioni. Hata hivyo, kutoiona si kusalimika nayo: retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huendelea kuiitikia, na macho ya msomaji, ambayo huenda kwa kurukaruka kutoka neno hadi neno, huweza kukosea kidogo mahali pa kutua, yakalazimika kujisahihisha tena na tena.

Mwaka 1989, mwanasaikolojia Mwingereza Arnold Wilkins na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika ofisi halisi, ambamo baadhi ya tyubu ziliendeshwa kwa choki za kawaida na nyingine kwa choki za kielektroniki, zenye maelfu ya mizunguko kwa sekunde, bila wafanyakazi kuambiwa ni zipi. Chini ya taa za kielektroniki, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa zaidi ya nusu. Aidha, waliokaa orofa za juu, ambako mwanga wa jua uliingia zaidi, waliumwa kichwa mara chache zaidi. Kwangu mimi, hiyo ni sababu tosha ya kutolichukulia lalamiko la namna hii kuwa uvivu.

Taa za LED hazijaliondoa tatizo hili moja kwa moja. LED huitikia mabadiliko ya mkondo papo hapo, hivyo utulivu wake hutegemea kifaa cha ndani kinachosawazisha umeme. Kikiwa hafifu, mwanga unaweza kuyumba kuliko hata ule wa tyubu. Njia rahisi ya kupima ni kuielekeza kamera ya simu kwenye taa: mistari myeusi inayotembea kwenye kioo huashiria mwanga unaoyumba, ingawa kamera nyingine huificha. Unaweza pia kupunga kalamu kwa haraka chini ya taa hiyo. Ikionekana kama kalamu nyingi zilizotengana, badala ya ukungu mmoja mwororo, mwanga huo unakatika.