LPN si nusu ya RN

Kila muhula mpya unapokaribia, Waswahili wenzangu wa hapa Minnesota hunipigia simu kuniuliza habari za kozi ya LPN (muuguzi mwenye leseni ya vitendo, ngazi iliyo chini ya RN), na kila mara swali huja na imani ileile ndani yake: kwamba LPN ni mwaka wa kwanza wa RN (muuguzi aliyesajiliwa), kwamba mwenye leseni hiyo amekwisha kumaliza nusu ya safari, na kwamba amebakiza mwaka mmoja tu wa kumalizia. Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyekwisha kulipa ada katika shule ambayo krediti zake, yaani masomo yanayohesabiwa kuelekea cheti, hazipokelewi na chuo anachotaka kwenda kusomea RN. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa simu, basi na niliandike.

Asili ya imani hii naijua, na wala si upumbavu. Tanzania ngazi zimepangwa hivyo hasa: mtu anasoma ngazi ya 4 na ya 5 za NTA (tuzo za taifa za elimu ya ufundi), anapata cheti, kisha anaendelea na NTA 6 na kutoka na stashahada, na kila ngazi imesimama juu ya ile iliyotangulia. Kenya nako wauguzi wengi walioanza na cheti walijiendeleza hadi kusajiliwa kwa stashahada huku wakiwa kazini. Anayetoka katika mfumo huo akifika Marekani na kuona kozi ya mwaka mmoja na nyingine ya miaka miwili katika chuo kimoja cha jamii, tena wakati mwingine katika ukumbi mmoja, ana kila sababu ya kudhani kwamba moja inamwagikia katika nyingine.

Lakini hapa kozi hizi mbili hazikuzaliwa pamoja. Mafunzo ya wauguzi wa ngazi ya LPN yana historia ndefu inayoanzia karne ya 19, na mwaka 1938 jimbo la New York lilitunga sheria iliyotambua ngazi mbili za leseni. Kozi ya RN ya miaka miwili ilikuja baadaye kabisa, kutokana na pendekezo la Mildred Montag wa Chuo Kikuu cha Columbia la mwaka 1951, na ikaanza kujaribiwa vyuoni mwaka 1952. Montag hakuchukua kozi ya LPN akaiongezea mwaka. Alibuni mtaala mpya wa miaka miwili kuanzia sifuri. Kinachochekesha ni kwamba aliowakusudia walikuwa mafundi wa uuguzi wa kufanya kazi chini ya wauguzi wenye shahada, lakini sheria ikawapa leseni ileile ya RN, na ubishi uliotokana na hilo haujaisha hadi leo. Hayo ni ya wenyewe. Mradi fahamu kwamba daraja la kutoka LPN kwenda RN lipo, ila lilijengwa baadaye kati ya majengo mawili yaliyokuwa tayari yamesimama, na kila chuo kimelijenga kivyake.

Kozi yenyewe nitaipitia haraka, kwa kuwa tovuti za vyuo zinaieleza vya kutosha. Vyuo vingi hukutaka uwe na cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi) kwanza, ambacho mafunzo yake kwa sheria ya taifa hayapungui saa 75. Vingine hudai mtihani wa kujiunga uitwao TEAS. Kisha unasoma anatomia na fiziolojia, famakolojia, uuguzi wa watu wazima, wa wazazi na wa watoto, mazoezi ya maabara, na zamu za mafunzo katika nyumba za wazee, kliniki na hospitali. Mahesabu ya dozi hayana huruma: alama inayotosha katika masomo mengine hapo haitoshi, na wanaoondolewa kwa ajili ya desimali si wachache. Mwishoni kuna NCLEX-PN, mtihani wa leseni unaofanywa kwa kompyuta, wenye maswali kati ya 85 na 150 katika saa tano, ambao tangu Aprili 2023 una visa vya wagonjwa vinavyopima uamuzi wako hatua kwa hatua. Ukishindwa, unasubiri siku 45.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Wanaoamini habari ya nusu huwa na orodha mfukoni: RN anaweza kusukuma dawa kwenye mshipa, LPN hawezi, RN anaanzisha damu, LPN haanzishi, kwa hiyo ukijifunza vile vilivyobaki kwenye orodha, umekuwa RN. Orodha hizo hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo, na ndani ya jimbo moja hubadilika ukihama mwajiri. Vitendo vinafundishika kwa mtu yeyote mwenye mikono mitulivu. Mpaka wenyewe uko kwenye kutathmini: ni nani mwenye mamlaka ya kumtazama mgonjwa kwa mara ya kwanza, kumwelewa mzima mzima, na kuamua mpango wa huduma uweje.

Sheria ya Minnesota inampa RN tathmini kamili, na LPN inampa tathmini mahususi, yaani kukusanya taarifa, kuzilinganisha na hali ya kawaida na hali ya mgonjwa huyo ya sasa, na kumwarifu RN kuhusu mabadiliko. Kanuni za California, ambako LPN huitwa LVN, zinazungumzia tathmini ya msingi na kuifafanua kuwa ni ukusanyaji wa taarifa. Maneno yanatofautiana, lakini mwelekeo ni mmoja. Chukua mzee mwenye moyo dhaifu aliyeletwa leo kwenye nyumba ya wazee kutoka hospitali. Tathmini ya kumpokea na mpango wa huduma ni jukumu la RN, na hata fomu ya taifa ya tathmini ya wakazi lazima itiwe saini na RN. Wiki ijayo LPN anamkuta uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku mbili, vifundo vya miguu vimejaa, na usiku ameomba kulala ameketi. Hapo kazi ya LPN si kujaza namba kwenye chati na kwenda zake, kama wanafunzi wengine wanavyojitetea wakishasoma maneno ya sheria. Ni lazima aelewe kwamba mambo hayo matatu ni jambo moja, kwamba haliwezi kusubiri, na amwambie nani kwa maneno gani. Anayedhani hilo ni nusu ya akili ya RN hajawahi kulifanya.

Na hapa nikiri shaka ambayo vitabu vya kiada hupita kando yake. Sheria ya taifa inazitaka nyumba za wazee ziwe na RN kwa saa nane mfululizo kila siku. Saa zilizobaki inatosha kuwepo muuguzi mwenye leseni, na mara nyingi huyo ni LPN, akiwa na wakazi ishirini au thelathini na namba ya simu ya RN aliyelala nyumbani kwake. Mzee akibadilika saa tisa usiku, anayeamua kama hili ni la kupiga namba ya dharura 911, la kumwamsha RN au la kungoja asubuhi, ni LPN huyo, na sijapata bado maelezo yanayoniridhisha ya namna mtu anavyoweza kulinganisha, kuona hatari na kupanga kipi kitangulie, halafu tuseme hajatathmini. Naufundisha mpaka huo kwa sababu leseni ya mwanafunzi inautegemea na kwa sababu naamini tathmini ya kwanza inahitaji mafunzo zaidi. Lakini sitajifanya kwamba mpaka huo unaonekana wazi usiku kama unavyoonekana darasani.

Mshahara nao si nusu. Kwa takwimu za serikali za Mei 2023, mshahara wa kati wa LPN ulikuwa dola 59,730 kwa mwaka, na wa RN dola 86,070. Kwa mama anayelea watoto huku akifanya zamu za usiku za CNA, kuanza kupata fedha hizo baada ya mwaka mmoja ni jambo zito, na ndiyo maana simwambii kila mtu asubiri RN. Mwenye nafasi ya kuingia RN moja kwa moja, mara nyingi namshauri aingie. Asiye nayo, LPN ni kazi kamili yenye leseni kamili, na wapo waliobaki nayo kwa kupenda.

Lakini kabla ya kulipa, tenganisha kibali cha bodi ya uuguzi ya jimbo na ithibati ya kitaaluma, kwani kibali hukuruhusu kufanya mtihani wa NCLEX tu na hakikilazimishi chuo kingine kupokea krediti zako. Matokeo ya NCLEX ya kila shule hutolewa hadharani na bodi, yasome. Kuhusu krediti, usimuulize anayekuuzia kozi. Kiulize kwa maandishi chuo unachokusudia kusomea RN, somo kwa somo, hasa kama anatomia ya muhtasari isiyo na maabara inakubaliwa, kwa maana hilo ndilo huwarudisha wengi darasani. Na uulize masomo ya sayansi yanahesabiwa kwa miaka mingapi, kwa kuwa vyuo vingi huyakataa yakishazeeka, na mwenye mpango wa kupumzika kidogo kati ya LPN na RN hulijua hilo akiwa ameshachelewa.