Je, wajua kwa nini wachuuzi wa Dar walikula mitaji yao wakati wa korona ilhali masoko hayakufungwa?

Machi 2020 Rwanda iliwaamuru watu wake wabaki ndani. Uganda ikawaruhusu wauza vyakula waendelee na kazi, kwa sharti walale hukohuko sokoni. Nairobi ikapigwa marufuku ya kutoka usiku, na Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka jijini. Dar es Salaam haikufungwa. Rais John Magufuli alikataa, na kila alfajiri Buguruni, Tandale na Mabibo watu waliendelea kupanga mafungu yao kama kawaida.

Sasa muulize mama yeyote aliyekuwa na meza mwaka ule. Wengi watakujibu: mtaji ulikatika. Ilikuwaje?

Soko lilikuwa wazi, lakini mteja hakuja. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16. Kesho yake shule zikafungwa, na siku iliyofuata vyuo. Kwa mama lishe wa Changanyikeni aliyekuwa akiwapikia wanafunzi wa Chuo Kikuu, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa jiko. Muuza mihogo ya kukaanga getini mwa shule naye akabaki na karai lake. Daladala zikaambiwa zibebe abiria wa kukaa tu, na waliokuwa na uwezo wakaacha kwenda mjini.

Kariakoo ilikuwa na shida yake. Mzigo wa Guangzhou ulishakwama tangu China yenyewe ilipofunga viwanda. Wanunuzi wa jumla kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro wakapungua. Ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa Aprili 12, na Mei Zambia ikafunga kwa siku kadhaa mpaka wa Nakonde, upande wa pili wa Tunduma. Kodi ya fremu, yaani vyumba vya maduka, haikujali hayo, maana wapangaji wengi hulipa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Tena mwezi wa Ramadhani uliangukia humohumo, na Idi ikafika Mei 24 huku madera na nguo za watoto zikiwa bado zimening'inia.

Tukae kidogo kwenye hesabu ya meza moja, kwa sababu watu wengi wa mishahara hawaijui. Tuseme mama ana mtaji wa shilingi 60,000. Asubuhi ananunua tenga la nyanya, na jioni amepata 75,000. Katika ile 15,000 ya faida anatoa nauli 2,000, chakula cha nyumbani 6,000, mchezo (upatu wa kuchangiana kwa zamu) 5,000. Inabaki 2,000. Hiyo ni siku nzuri.

Ije siku mbaya: ameuza 45,000, na nyanya zilizobaki zimelainika, za kutupa. Nauli iko palepale. Watoto wanakula vilevile, tena wengi zaidi kwa kuwa shule zimefungwa na wote wako nyumbani. Mchezo nao hausubiri. Akishatoa hiyo 13,000, kesho yake anaamka na 32,000. Tenga halinunuliki tena. Inambidi anunue kwa sado, kile kindoo kidogo cha kupimia, kwa mtu aliyenunua tenga, kwa bei iliyokwishapanda, na faida yake inakuwa nyembamba hata siku ambayo wateja wapo. Siku mbili tatu za namna hiyo zinatosha. Ndiyo maana ya kula mtaji, na simlaumu yeyote aliyeula, maana ulikuwa unalisha nyumba.

Kisha kuna mali kauli, yaani kuchukua mzigo bila fedha taslimu na kulipa ukishauza. Mchuuzi anadaiwa na mwenye duka, mwenye duka anadaiwa na wa jumla. Wa chini akishindwa kulipa, wa juu yake naye anakosa cha kurudisha, na kauli inakufa katikati ya watu waliofahamiana miaka.

Waliobaki bila kitu wakaenda kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki. Mei 2020 Benki Kuu ilishusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5 na kuruhusu mikopo ipangwe upya. Hatua ya maana, ila kwa mwenye akaunti na mkopo wa benki. Aliyekopa mtaani kwa dhamana ya friji na televisheni haikumfikia.

Wapo waliogeuka haraka: tangawizi na ndimu zilinunuliwa kwa wingi, mafundi cherehani wakashona barakoa za vitenge, na wengine wakauza ndoo za koki za kunawia mikono. Lakini kugeuza biashara nako kunataka mtaji, hata mdogo.

Vyuo vilifunguliwa Juni 1, shule Juni 29. Wateja wakaanza kurudi. Mama wa 32,000, kama hata hiyo ilikuwa bado ipo, hakuwa na la kufanya ila kurudi kwa yule wa jumla aliyekuwa bado anamdai, asimame mbele yake, na kumwomba tenga moja la asubuhi alilipe jioni.