Kumhamisha mbwa aliyekomaa mwenye tabia ngumu: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Mtu akishasema tu anamtafutia mbwa wake makao mapya sababu ya tabia, basi anamwagiwa ushauri kila upande, na mwingi ni wa kubahatisha. Tuupitie.

"Samaki mkunje angali mbichi, huyo ashakomaa hafundishiki." Hapana. Kipindi cha utotoni kipo kweli, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14 hivi, ambapo mtoto wa mbwa anazoea watu na vitu kirahisi, na aliyekikosa anaweza kubaki na uoga uoga mpaka uzeeni. Ila kujifunza hakukomi hapo. Mbwa wa miaka 7 anayebwekea kila mgeni, ukimpa kipande cha nyama kila mgeni anapotokea kule mbali, tena na tena, ipo siku atamwona mgeni ageuke kukutazama wewe, nyama iko wapi. Ni yale yale ya Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi aliyezoesha mbwa kudondosha mate wakisikia tu ishara ya chakula. Inachukua muda tu manake ana mazoea ya miaka ndani yake.

"Anataka kuwa bosi, muonyeshe nani mwenye nyumba." Hii inanichosha jamani. Imetokana na mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa pamoja bila hata kuwa ndugu, mtafiti Rudolf Schenkel akaandika habari zao 1947, mtafiti mwenzake David Mech akaisambaza kwenye kitabu chake cha 1970 halafu mwaka 1999 akaeleza mwenyewe kwamba porini kundi ni baba, mama na watoto wao, hakuna cha bosi wa kupigania cheo. Watu wameshika ile ya mwanzo tu. Mbwa wengi wanaouma wanaogopa au wanaumwa, sasa ukimlaza chali kwa nguvu unamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kukuogopa. Na ukimchapa kila akiunguruma ataacha kuunguruma kweli, kesho yake anauma na nyie mnasema "kauma ghafla tu". Si mlimnyamazisha wenyewe!

Kwa hiyo kabla hujamtoa, mpitishe kwa daktari wa mifugo kwanza. Meno, masikio, nyonga, mgongo. Maumivu yanabadilisha tabia kabisa. Kuhasi nako sio dawa ya kila kitu, uoga hauondoki kwa kisu.

Halafu kuna huu uongo mkubwa kuliko yote: "usiwaambie aliwahi kuuma, hawatamchukua." Huko ni kuuza mbuzi kwenye gunia, na huyu mbuzi ana meno. Mbwa anayelinda bakuli lake anaweza kuishi vizuri tu na watu wazima wawili wanaomwacha ale kwa amani, lakini mpeleke kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, wewe umekaa kimya, ni hatari tupu. Andika kila kitu. Alimuuma nani, wapi, ngozi ilitoboka au ilibaki alama tu, na dakika moja kabla ya hapo nini kilikuwa kinaendelea, hapo ndo pa maana zaidi. Weka na karatasi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Watakaojitokeza watakuwa wachache ndio, ila watakuwa wanajua wanachokichukua. Na kusema kweli wapo mbwa wachache walioumiza watu vibaya kiasi kwamba hakuna nyumba salama ya kuwapeleka, hayo ni mazungumzo mazito ya wewe na daktari, sio ya kumtupia jirani.

"Mpeleke penye uwanja mkubwa atatulia." Mbwa asiyeweza kubaki peke yake atalia uwanjani badala ya sebuleni, basi.

"Mbona kwetu siku ya kwanza alikuwa mpole, walimsingizia," wanasema waliompokea. Ngoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku za mwanzo wengi wanajikunja tu kwa hofu, tabia yenyewe inajitokeza baadae, ndo maana watu wa mbwa wanataja siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 za kujiona yuko kwao. Ni makadirio sio sheria, mwingine anachukua mwaka. Siku hizo wewe uliyempokea usialike wageni, usimbadilishie chakula, mletee na blanketi lake lenye harufu anayoijua, na usimfungue kamba nje hata kama geti limefungwa manake mbwa aliyehamishwa juzi akishtuka anakimbia bila kujua anakokwenda. Kile kikapu cha kumvalisha mdomoni asiume pia sio ukatili, akifundishwa taratibu kwa chakula anahema na kunywa maji akiwa nacho.

Na mkia kutikisika sio lazima kafurahi, angalia mwili mzima, ukikakamaa sogea pembeni.

Mwisho kabisa kubalianeni kabla hajaondoka, tena kwa maandishi, kwamba wakishindwa anarudi kwako wewe, hapelekwi kwa mtu wa tatu ambaye hata ile karatasi ya historia yake hajawahi kuiona.