Bima ya gari ambalo bado halijasajiliwa

Bima ya gari ambalo bado halijasajiliwa ni kinga inayomlinda mwenye gari kuanzia anapolimiliki hadi anapopata namba ya usajili, na msingi wake ni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Wapo wanaodhani kwamba bila pleti namba hakuna bima inayoweza kukatwa, ilhali chesisi hulitambulisha gari tangu linapotoka kiwandani, kabla halijapewa namba ya nchi yoyote.

Tuseme Toyota IST iliyotumika Japani imeshushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Ilipokuwa melini ilikuwa mzigo, na ililindwa na bima ya mizigo ya baharini, ambayo tangu Januari 2018 waagizaji wa Tanzania hutakiwa kuikata kwa kampuni za ndani. Bima hiyo haimlipi mwendesha bodaboda atakayegongwa Kurasini wakati gari linapelekwa nyumbani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kulitumia gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, yaani inayomlipa mtu mwingine anayeumizwa na gari hilo, hivyo kinga hiyo inapaswa kuwa tayari kabla gari halijavuka geti.

Bima ndogo, yaani hiyo ya mtu wa tatu, kwa gari binafsi imezoeleka kuwa shilingi 100,000 kabla ya VAT, na haina mengi ya kujadili. Bima kubwa, inayolipia pia hasara ya gari lenyewe na ambayo kiwango chake kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, inataka uangalifu zaidi, kwa kuwa wapo wanaoandikisha bei waliyomlipa muuzaji wa Japani na kuacha ushuru na kodi, ambavyo kwa magari ya umri mkubwa huwa si haba. Gari la shilingi milioni 16 likikatiwa bima ya milioni 8, na kampuni ikatumia kanuni ya wastani, yaani kulipa kwa uwiano wa thamani iliyokatiwa bima na thamani halisi, hasara ya milioni 2 italipwa milioni 1 tu.

Usajili ukikamilika, mwenye gari humrudia wakala wake ili namba mpya iingizwe kwenye hati ileile, bila kukata bima nyingine. Ni vyema kuisoma chesisi kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi, badala ya kutegemea nakala ya wakala wa forodha: namba ya chesisi inayoanza na NCP60 ni ya IST ya injini ya cc 1,300, na inayoanza na NCP61 ni ya IST ya cc 1,500, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa, hati inakuwa imelitaja gari jingine kabisa.